Leza kwa makovu ya kujikata: nimeshafanya mara nne, haya ndiyo niliyoyaona

#1 BintiPangani (mwenye uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu nimeuandika nikaufuta zaidi ya mara tatu, leo nautuma.

Ombi moja kabla sijaendelea. Humu tusisimuliane mtu alijikata vipi wala kwa kitu gani, na tusibandike picha za majeraha. Wapo wanaotusoma ambao bado wamo ndani yake. Tuongelee makovu yaliyokwisha kupona.

Nina miaka 31. Nilijidhuru kuanzia kidato cha tatu hadi mwaka wa kwanza chuoni, na mara ya mwisho ni miaka tisa iliyopita. Nilipata tiba, nikapata mtu wa kuzungumza naye, maisha yakasogea. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, kuanzia juu ya kiganja mpaka karibu na kiwiko: mistari myeupe iliyolala sambamba kama vipandio vya ngazi. Anayejua akiiona anajua.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasema ni chale. Niliumwa utotoni, bibi akanipeleka nikachanjwa, basi. Kwetu watu huridhika upesi na jibu hilo, maana ni nyumba chache zisizo na mtu mwenye chale. Lakini chale zina mahali pake na zina mpango wake, fupi fupi, mbili mbili au tatu tatu. Shangazi yangu siku moja aliutazama mkono, akanitazama usoni, akanyamaza. Kimya chake kile nilikaa nacho muda mrefu.

Wanawake wenzangu wa Kiislamu watanielewa nikisema tabu kubwa ilikuwa kwenye udhu. Lazima ukunje nguo mpaka juu ya viwiko, na mabomba yamepangwa bega kwa bega. Nilizoea kujichelewesha hadi wenzangu wote waondoke ndipo nisogee. Halafu mdogo wangu wa mwisho akachumbiwa, na nikajua ikifika siku ya hina nitaitwa nikae kwenye mkeka na dada zake wote, tunyooshe mikono.

Nikaanza kutafuta leza. Nilianza vibaya. Niliingia mahali pa urembo palipoandikwa leza mlangoni, wakaniambia makovu yatafutika kwa mara mbili. Baadaye ndiyo nikajua ile mashine haikuwa leza, ilikuwa IPL, mwanga wa mchanganyiko wanaotumia kuondolea nywele. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu ule mwanga unadakwa na rangi ya ngozi yenyewe kabla haujafika unakokusudiwa. Nilitoka na malengelenge, na yalipokauka nikawa na vibaka vyeusi vya mraba juu ya mistari myeupe. Miezi mitano ilipita ndipo vikapungua.

Safari ya pili nilimtafuta daktari wa ngozi kabisa, wa hospitali. Sitamtaja wala kutaja hospitali, msinisumbue kwa hilo. Alichofanya cha kwanza hakikuwa na mashine. Aliushika mkono wangu, akaupeleka dirishani kwenye mwanga, kisha akapitisha kidole gumba polepole juu ya kila mstari huku akiangalia pembeni, kama mtu anayesoma kwa vidole. Akasema: "Haya ninayoyasikia kwa kidole, leza itayasaidia. Haya ninayoyaona kwa jicho tu, leza haiwezi kuyarudishia rangi. Sasa niambie, wewe linalokuumiza ni lipi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikalia pale pale.

Mkono wangu ulikuwa na vyote viwili: mistari kama kumi na miwili iliyoinuka, ukipapasa unakutana nayo, na mingine mingi iliyo bapa lakini myeupe. Baada ya mara nne, ile iliyoinuka imelala. Nikifumba macho nikapapasa, sehemu kubwa ya mkono siitambui. Nikifumbua, ngazi bado ipo, imefifia. Aliyesimama hatua mbili haioni. Aliyekaa karibu, kwenye jua, anaiona.

Kama unapanga kwenda, usiende ukauliza "yataondoka?" Muulize daktari "kitakachobaki ni nini?" Asiyeweza kukujibu swali la pili, mshukuru, toka.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mdau_wa_Tegeta

Asante kwa ujasiri dada. Elezea siku yenyewe inavyokuwa. Inauma? Kazini unarudi lini?

#3 BintiPangani

@Mdau_wa_Tegeta unafika mapema kwa sababu ya ganzi. Wanakupaka krimu nzito nyeupe ya lidokaini, wanakuzungushia nailoni ile ya kufunikia chakula, unakaa kama saa nzima. Wakifunua, mkono ni wa mtu mwingine. Halafu wote mliomo chumbani mnavaa miwani, hata nesi, maana ule mwanga ukiingia jichoni ni hatari.

Mashine inagonga tk tk tk, na kila ikigonga inaacha mraba wa vitundu vidogo kama vya chekeche. Unasikia moto wa kuchoma na pembeni kuna bomba linakupulizia hewa baridi. Harufu ndiyo ilinishtua, kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Kwa mkono wangu mzima haikufika dakika ishirini.

Usiku wa kwanza unawaka kama umeungua jua. Siku ya tatu vitundu vinakuwa vijidoa vya kahawia, ukigusa ni kama unga wa kahawa umegandia ngozini. Usikwangue! Unaosha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, unapaka mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, unaacha. Kwangu vilikuwa vimedondoka vyote kufikia siku ya tisa. Kazini nilirudi siku ya pili, nimevaa mikono mirefu.

Kati ya mara moja na nyingine aliniacha wiki nane. Na akanikatalia kabisa kuhukumu matokeo mpaka ipite miezi sita tangu ya mwisho.

#4 FundiNgozi

Nachangia kama mtu wa fani. Nilisomea ngozi Moshi, pale kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, kilichoanza 1992. Bi mwenye uzi umeeleza vizuri, naongeza kinachotokea ndani.

Leza yenyewe imekuwepo tangu 1960. Iliyobadili mambo kwenye ngozi ni makala ya Anderson na Parrish ya 1983, iliyoonyesha kwamba ukichagua urefu sahihi wa wimbi na muda mfupi wa pigo, unaweza kupasha joto kitu kimoja ndani ya ngozi ukaacha jirani yake salama. Kisha 2004 Manstein, Anderson na wenzao wakaja na wazo la frakshoni: badala ya kuchoma eneo lote, unatoboa nguzo nyembamba sana za joto na kuacha ngozi nzima katikati. Ile ngozi iliyoachwa ndiyo inayoponya nguzo zile. Ndiyo maana vidonda vinafunga kwa siku chache.

Kovu ni kolajeni iliyojipanga vibaya, nyuzi zimelala upande mmoja kama majani ya kuezekea. Kila nguzo ya joto inalazimisha mwili kubomoa na kupanga upya. Kazi hiyo inaendelea miezi kadhaa baada ya wewe kutoka chumbani, kwa hiyo daktari aliyekukatalia kuhukumu mapema alikuwa sahihi.

Aina zenyewe. Leza ya CO2 ya nanomita 10,600 na ya erbiamu ya 2,940 zinatoboa kweli kweli, zinaondoa tishu. Ile ya 1,550 haitoboi, inapasha joto chini na kuacha juu pazima. Ni pole zaidi, lakini utaifanya mara nyingi zaidi. Kovu likiwa bado jekundu au la zambarau kuna ya nanomita 595 inayolenga mishipa ya damu.

Sasa ngozi yetu. Ipo ngazi ya Fitzpatrick ya mwaka 1975, inaanzia I mpaka VI, na wengi wetu hapa ni V na VI. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ikiwa nyingi maana yake ni kwamba joto likizidi, ngozi inajibu kwa kutoa weusi. Haizuiliki asilimia mia, inapunguzwa: nguvu ya wastani, vitundu vichache kwa kila eneo, nafasi ndefu kati ya mara na mara, na kujikinga jua kwa dhati kabla na baada. Na kabla ya yote, jaribio kwenye kipande kidogo, usubiri wiki sita hadi nane uone ngozi imejibu nini. Mtu anayetaka kukufanyia mkono mzima siku ya kwanza bila jaribio, mkimbie.

#5 Shufaa_Z

Shoga yangu BintiPangani, nimesoma ya udhu machozi yakanitoka. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayekaa nyuma pale bombani.

Swali langu kwa FundiNgozi: mimi nina keloidi. Nilitoboa sikio nikapata donge, na mkononi mistari miwili imekuwa minene imevuka hata pale jeraha lilipokuwa. Leza itanifaa?

#6 FundiNgozi

Dada Shufaa, hapo simama kwanza. Kovu lililoinuka lakini limebaki ndani ya mipaka ya jeraha ni jambo moja. Lililovuka mipaka ni keloidi, na sisi watu weusi tunazipata zaidi. Keloidi ukiitoboa kwa leza peke yake unaweza kuiamsha ikarudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Njia ya kwanza kawaida ni sindano ya steroidi ndani ya donge lenyewe, kila wiki nne hadi sita, na karatasi ya silikoni inayovaliwa saa nyingi kwa siku, miezi mitatu au zaidi. Leza ikitumika, inakuja pamoja na sindano.

Mtu yeyote mwenye historia ya keloidi amwambie daktari kabla hajavua koti. Sikio lako ni ushahidi tosha. Vilevile semeni kama mna mimba, mnanyonyesha, au mmemeza dawa za chunusi za isotretinoini karibuni.

#7 Jembe_la_Kale

Samahani wakuu, naona haya mambo ni ya wazungu. Sisi tulikua na shida zaidi ya hizi na hatukujikata. Hela ya leza si ungefungua genge?

#8 MamaWawili

@Jembe_la_Kale kaka yangu, nakujibu kwa heshima. Nilisema maneno hayo hayo nilipoona mkono wa mwanangu. Nilipiga kelele jikoni, nikamwambia amelogwa, nikamwambia ananiaibisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha nguo, akaenda kuosha vyombo. Wiki nne hakunisemesha zaidi ya shikamoo.

Nesi mmoja wa kliniki ya afya ya akili ndiye aliyenikalisha chini. Aliniambia mtoto hakufanya vile kutafuta macho ya watu, alikuwa na maumivu asiyoyapatia jina na akayatafutia mlango. Ningerudi nyuma ningekaa naye sakafuni tu, nisiseme kitu. Kwetu halikuja na wazungu, lilikuwepo chini ya mikono mirefu.

#9 Jembe_la_Kale

Mama, nimesoma mara mbili. Naomba radhi kwako na kwa mwenye uzi.

#10 Kaka_Leeds

Salamu kutoka Uingereza. Nina mistari mapaja yote mawili, sijawahi kuvaa bukta mbele ya mtu. Huku NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ni nadra sana kulipia leza ya makovu, wanaihesabu kama urembo, kwa hiyo wengi wanakwenda binafsi. Na daktari mzuri atakuuliza hali yako ya akili kabla ya kugusa mashine. Mwanzoni nilikasirika nikadhani ananihukumu. Sasa namwelewa, leza inaacha vidonda, na kwa mtu ambaye hajatulia, kukaa na vidonda mkononi kwa wiki si jambo dogo.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni huduma ya kufunika makovu kwa krimu maalumu. Huku inatolewa na shirika la Changing Faces, waliipokea kutoka Msalaba Mwekundu mwaka 2011. Unakaa na mtu mwenye mafunzo, anakuchanganyia rangi hadi ilingane na ngozi yako, anapiga poda juu, na inakaa hata ukiogelea. Siku niliyofanyiwa nilishangaa alikuwa na rangi zinazofika kwenye weusi wangu. Niliangalia paja langu kwa dakika nzima. Sikufanya leza hadi leo, na sijui kama nitafanya.

#11 BintiPangani

@Kaka_Leeds asante kaka, hili la krimu nilikuwa silijui. Kwa mistari myeupe bapa naona ndilo jibu la siku za sherehe, maana ile ndiyo leza haikunisaidia.

Na nataka kuonya kuhusu weupe wa mistari. Nilipokuwa na ile hofu ya kufanana rangi, rafiki alinishauri nipake mkorogo kwenye mkono mzima ili ngozi ishuke ifanane na makovu. Jamani msifanye. Ngozi inakuwa nyepesi, na dawa zenyewe ndani yake nyingine zina zebaki.

#12 FundiNgozi

Naunga mkono hoja. Na weusi unaokuja baada ya leza una dawa zake anazoandika daktari kwa muda maalumu, kwa kipimo. Ile ya kopo lisilo na lebo sokoni ni kitu kingine.

Krimu ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, paka hata kama wewe ni mweusi tititi. Jua likiipiga ngozi ya pembeni inazidi kukoza, kovu jeupe linabaki vile vile, na tofauti inaongezeka.

#13 Nyali_254

Nauliza kutoka Mombasa. Mimi nimeogopa miaka kumi kwenda hospitali nikidhani daktari atapiga ripoti polisi. Kwenu huko vipi?

#14 Wakili_wa_Mtaa

@Nyali_254 tutenganishe mambo. Sheria iliyokuwa inawatisha watu Kenya ni kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kinachohusu kujaribu kujiua. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Tanzania kifungu cha 217 bado kimo kwenye vitabu, na binafsi naona kingeondoka hata jana, maana kinawafungia wagonjwa mlango. Lakini nacho kinasema kujaribu kujiua. Wengi waliojikata hawakuwa wanataka kufa, walikuwa wanatafuta pumzi. Na wewe unakwenda kutibu kovu la miaka kumi. Hakuna atakayekudai PF3, ile fomu ya polisi, kwa kovu la miaka kumi.

Nenda ndugu yangu.

#15 Nyali_254

Shukran sana. Nimekaa na hofu hiyo bure.

#16 kimya_kimya

Samahani dada zangu na kaka zangu. Mimi nina miaka 17. Nilitaka kujua kama nikifanya leza likizo hii mama hatajua. Lakini bado huwa inatokea. Juzi pia.

#17 BintiPangani

Mdogo wangu, nimefurahi umeandika. Pole sana. Hujakosea kuuliza hapa.

Nikwambie ukweli kama ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja: leza si ya sasa. Kovu linahitaji mwaka mmoja na zaidi ndipo litulie, na la juzi bado ni jeraha. Jeraha hilo likiwa limechimbika, linatoa usaha au halifungi, nenda kituo cha afya leo, usingoje likizo. Hayo mengine ya leza yatakusubiri. Mimi nilisubiri miaka minane na mkono ulikuwa pale pale.

Usiku wa leo uko salama? Kama unahisi huwezi kukaa peke yako, nenda chumba alichomo mtu, hata usimwambie kitu, kaa naye. Ukiwa na hamu ya kufa, mwamshe mtu mzima sasa hivi au nenda hospitali yoyote iliyo karibu.

Halafu kuna namba 116, simu kwa mtoto, ni bure, Tanzania na Kenya pia. Ni watu wa kusikiliza, hawakugombezi. Mtu mzima mmoja pia, mmoja tu, wa kumwambia. Si lazima awe mama wa kwanza. Nani ungeweza?

#18 kimya_kimya

Niko salama leo. Labda mama mdogo. Anaishi Chanika, ananipenda.

#19 MamaWawili

Mwanangu, mtumie ujumbe mfupi tu: "Mama mdogo, naomba nije kwako Jumamosi, nina jambo." Usieleze yote kwenye simu. Ukifika, kama maneno hayatoki, kunja nguo umwonyeshe. Mwanangu angenionyesha mwenyewe ningetaka niwe nimeandaliwa hivyo. Na mama yako akijua akapiga kelele, ujue ni hofu inaongea. Itapoa.

#20 Kaka_Leeds

Tupo nawe mdogo wangu. Rudi utuambie.

#21 Mwanamti

Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo. Mimi nimeamua kubaki na yangu. Nilikwenda kwa daktari, akanieleza kama alivyoeleza BintiPangani, nikarudi nyumbani nikafikiri mwezi mzima. Mistari yangu ni bapa yote. Nikaona nitalipa pesa nyingi kupunguza kitu ambacho kidole hakikioni. Nikavaa blauzi ya mikono mifupi kwenda sokoni, mara ya kwanza tangu 2014. Muuza nyanya aliangalia, akanipimia nyanya.

Sisemi mfuate mimi. Mwenye mistari iliyoinuka inayowasha na kuvuta, hiyo inatibika, atibiwe.

#22 Mdau_wa_Tegeta

Na zile sindano ndogo ndogo, rola, zinafaa? Naona ni rahisi zaidi.

#23 FundiNgozi

Zile zinatoboa bila joto, kwa hiyo hatari ya weusi ni ndogo, na kwa ngozi yetu ni njia ya heshima kabisa kwa makovu yasiyo na kina kikubwa. Ila zifanywe kliniki, kwa vifaa vya kutumia mara moja. Na hapa nitasema jambo kwa upole: kwa mtu mwenye historia hii, sipendi kabisa awe na kifaa cha kutoboa ngozi nyumbani kwake. Mnanielewa.

Kuna pia upasuaji kwa makovu mapana, na wengine wanachora tatuu juu yake. Tatuu kwenye ngozi yenye tabia ya keloidi ni bahati nasibu.

#24 Shufaa_Z

Gharama je shoga? Na bima?

#25 BintiPangani

Bima yangu ilikataa, walisema ni urembo. Ila nilivyosikia, kovu linalowasha, linalovuta kiungo au keloidi inayouma, daktari akiandika hivyo kwenye fomu, mazungumzo yanakuwa mengine. Kwangu kila mara ilinigharimu mshahara wa zaidi ya wiki mbili. Tuna mchezo kazini, wanawake kumi, niliomba zamu yangu iangukie mwezi wa leza. Hawakujua ni ya nini. Mmoja anajua sasa.

Uliza bei ya mara moja na uliza zitakuwa mara ngapi. Mimi niliambiwa tatu mpaka sita. Anayekupa bei ya jumla kabla hajakushika mkono anauza mashine.

#26 kimya_kimya

Nilikwenda Jumamosi. Sikuweza kusema, nikakunja nguo kama MamaWawili alivyosema. Mama mdogo alikaa chini sakafuni. Jumanne tumekwenda kliniki pamoja. Nimepewa tarehe ya kurudi. Mama anaambiwa wiki hii, mama mdogo ndiye ataongea.

#27 MamaWawili

Alhamdulillah. Mwanangu nimesimama jikoni hapa nalia peke yangu.

#28 FundiNgozi

Safi sana. Tarehe hiyo usiikose hata ukijisikia vizuri.

@BintiPangani harusi ni lini? Kama utapaka hina, iwe imepita angalau miezi miwili tangu leza ya mwisho na ngozi imefunga kabisa. Na iwe hina ya majani. Piko nyeusi wengi wanachanganya na rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, inaweza kuchoma ngozi na kuacha kovu jipya.

#29 BintiPangani

@kimya_kimya mdogo wangu, nimesoma ujumbe wako mara nyingi leo.

@FundiNgozi siku ya hina ilikuwa juzi Alhamisi, miezi minne na nusu tangu ya mwisho. Niliwaambia mapema mimi piko hapana, hina ya majani tu. Mchoraji ni binti mdogo wa Tanga, amekuja na koni zake kwenye ndoo. Tulikaa kwenye mkeka, tumepanga mikono juu ya mito. Zamu yangu ilipofika nikampa wa kulia, akamaliza, akasema lete na huo.

Nikautoa. Aliushika chini ya kiganja, akaugeuza kidogo kwenye taa, najua aliona. Akaweka ncha ya koni kwenye kifundo na kuanza kupanda na shina la ua. Zamani pale pale koni ingeruka, kila mstari ungeirusha. Ilipanda moja kwa moja bila kukatika. Alipofika katikati akasimama, akaniuliza, "Dada, nikuishie hapa au niendelee?"

Nikamwambia endelea mpaka kwenye kiwiko.